Zote tunaziita CD: jinsi ya kuifanya Linux isome diski zako

Mwalimu wa kwaya alishuka na meli ya Nansio, Ukerewe, asubuhi, akaja moja kwa moja hadi kwenye banda langu la kazi Kirumba, Mwanza, akatua mezani kiroba cha sukari kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea CD za kwaya yetu, zote, tangu tulipoanza kurekodi. Siku hizi deki hazipo majumbani, kila mtu ana simu. Ziingize kwenye flashi kabla hatujazipoteza."

Nikazitandaza juu ya khanga safi, upande wa kusomwa ukitazama juu. Zilikuwa arobaini na tatu. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu, nyingine zina karatasi zilizochapwa na kubandikwa, mbili hazina hata herufi. Nikamwuliza ni za aina gani.

"Ni CD tu, mwanangu."

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike makala hii. Kompyuta yangu ya kazi inaendeshwa na Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na mara kwa mara hujiwa na mtu mwenye malalamiko yaleyale: amehamia Linux, ameweka CD, haisomi, kwa hiyo Linux haifai. Mara nyingi draivu yake, yaani kifaa cha kusomea diski, ni nzima na Linux yake ni nzima. Kilichomponza ni kuviita vitu vitano tofauti kwa jina moja. Deki ya televisheni imetuzoesha hivyo: unatumbukiza chochote, yenyewe inajijua, picha inatokea. Linux haifichi tofauti hizo. Inakuonyesha kila ngazi kivyake, na ukishajua ni ngazi gani imekwama, dawa yake huwa fupi.

Keneli, kiini cha Linux, imekiona kifaa?

Draivu ya diski, iwe ya SATA iliyofungwa ndani ya boksi au ya USB inayokaa pembeni, huzungumza na kompyuta kwa amri za ukoo wa SCSI, lugha iliyosanifiwa mwaka 1986, kabla Linux haijazaliwa mwaka 1991. Ndiyo maana jina lake halisi kwenye Linux halina herufi za CD. Inaitwa sr0, na mlango wake ni /dev/sr0. Ukiwa na draivu mbili, ya pili ni sr1. Majina /dev/cdrom na /dev/dvd unayoyakuta kwenye maelekezo mengi ni viunganishi vinavyoelekeza palepale. Vikikosekana, usihangaike navyo. Tumia /dev/sr0 moja kwa moja.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

lsblk

Ukiona mstari wenye sr0 na neno rom, ngazi ya kwanza umeivuka. Usipouona, usianze kusakinisha programu za kuchezea muziki na filamu. Hakuna programu inayoweza kusoma kifaa ambacho keneli haikijui. Andika sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa keneli (sudo huiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi), acha dirisha hilo wazi, kisha chomeka draivu ya USB na utazame kinachoandikwa. Ikiwa nzima, utapata mstari unaofanana na huu:

sr 6:0:0:0: [sr0] scsi3-mmc drive: 24x/24x writer dvd-ram cd/rw xa/form2 cdda tray

Wengi huupita mstari huu bila kuusoma, nami naona ni hasara, kwa sababu ni wasifu mzima wa draivu yako. Neno writer linasema inaweza kuchoma, yaani kuandika diski. Neno cdda linasema inaweza kutoa muziki wa CD ya sauti kama data na kuupeleka kwenye kompyuta. Maneno xa/form2 yanahusu VCD, CD yenye video, na tutayarudia kwa sababu ndiyo yaliyookoa karibu nusu ya kiroba cha mwalimu. Tray ni ile sahani inayotoka nje. Na 24x ni kasi: kwa CD, 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde.

Ukitaka zaidi, andika:

cat /proc/sys/dev/cdrom/info

Utapata orodha ya uwezo wa draivu, 1 ikimaanisha ndiyo na 0 ikimaanisha hapana. Tazama mstari wa Can read DVD. Niliwahi kupoteza nusu siku nikipambana na DVD ya mahafali kwenye kompyuta kuukuu ambayo draivu yake ilikuwa ya CD peke yake. Kwa nje zinafanana kabisa.

Kwa draivu nyembamba za USB, adui mkubwa ni umeme. Injini inapoanza kuzungusha diski huhitaji mkondo mkubwa kuliko ule wa kusoma. Tundu la USB 2.0 limeahidiwa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900. Draivu nyingi huvuka kiwango cha kwanza pale mwanzoni. Dalili zake unazisikia kabla ya kuziona: draivu inalia tik, inatulia, inalia tena, na kwenye dmesg yanapita maneno USB disconnect, kisha kifaa kinaonekana upya, kisha kinapotea. Hapo Linux haina kosa. Chomoa habu (kile kigawanyio cha matundu ya USB), chomeka moja kwa moja kwenye mashine, tumia waya mfupi, au ule waya wenye vichwa viwili unaokula umeme kwenye matundu mawili. Kwa mashine ya mezani, fungua ubavu wake uangalie nyaya za SATA, maana ni mbili, moja ya data na moja ya umeme. Ikiwa kila kitu kimekaa sawa na bado sr0 haionekani, jaribu sudo modprobe sr_mod, ambayo huiita moduli ya keneli inayoshughulikia draivu hizi. Ni nadra kuhitajika, lakini nimekutana nayo kwenye usakinishaji uliopunguzwa sana.

Hapa niseme kitu kuhusu maelekezo ya zamani, kwa sababu yamewapoteza vijana wengi. Utayakuta yanasema draivu ni /dev/hdc, na kwamba ili uchome ni lazima uongeze hdc=ide-scsi kwenye mstari wa kuwashia mashine. Hayakuwa uongo. Wakati wa keneli 2.4, draivu za IDE, waya uliotangulia SATA, ziliitwa hivyo, na programu za kuchomea zilitaka kifaa kijifanye cha SCSI. Keneli 2.6, iliyotoka Desemba 2003, iliondoa haja hiyo, na baadaye draivu zote zikaingizwa kwenye jina moja la sr. Ukikutana na ushauri wenye hdc ndani yake, uheshimu umri wake, ufunge ukurasa.

Ruhusa

Andika ls -l /dev/sr0. Utaona kifaa ni mali ya root, akaunti ya msimamizi wa mfumo, na kundi la cdrom. Ukiwa umekaa mbele ya mashine kwenye mazingira ya kawaida ya dawati (skrini yenye madirisha na ikoni), mfumo hukupa ruhusa ya muda bila wewe kujua, ndiyo ile alama ya + mwishoni mwa herufi za ruhusa. Ukiingia kutoka mbali kwa ssh, hupewi. Hivyo mtu anakuambia "jana ilisoma, leo inakataa", kumbe jana alikuwa kitini na leo yuko mtandaoni. Jiunge na kundi:

sudo usermod -aG cdrom $USER

Kisha toka kabisa kwenye akaunti na uingie tena. Wasiotoka hurudi kwangu wakisema amri haikufanya kazi.

Sasa, hiki ulichoweka ni nini?

Hapa ndipo penyewe. Sakinisha kifurushi cha libcdio-utils na uandike cd-info, au kwa DVD sakinisha dvd+rw-tools na uandike dvd+rw-mediainfo /dev/sr0. Programu hizi hazichezi kitu, zinakuambia kilichomo. Kwa arobaini na tatu zile za mwalimu nilianza hivyo, moja baada ya nyingine, nikiziweka kwenye mafungu juu ya khanga huku yeye akinitazama. Yalipatikana mafungu matano: CD za data, CD za sauti, VCD, DVD za filamu, na DVD ambazo hazijafungwa.

Za data ni rahisi. Ndani yake mna mfumo wa mafaili unaoitwa ISO 9660, wa mwaka 1988, au UDF kwa DVD nyingi. Mazingira ya dawati huipachika diski yenyewe, yaani huiunganisha na folda ili mafaili yake yaonekane. Ikishindikana, unaipachika kwa mkono:

sudo mount -o ro /dev/sr0 /mnt

Jibu la amri hii likiwa baya, lisome kwa makini, kwa sababu kuna mawili yanayochanganywa. La kwanza ni no medium found. Maana yake draivu haijatambua kwamba kuna diski: ni chafu, ni tupu, imegeuzwa, au jicho la leza limechoka. La pili ni lile refu linalotaja superblock. Maana yake diski imeonekana, imezungushwa, imesomwa, ila hakuna mfumo wa mafaili wa kupachikwa. Aliyepata jibu la pili akakimbilia kununua draivu mpya ametupa pesa yake, kwa sababu huenda ameweka CD ya sauti.

Na hilo jicho la leza nalo si moja. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, usioonekana kwa macho; DVD kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650; Blu-ray kwa zambarau ya nanomita 405. Draivu nyingi za DVD zina leza mbili ndani ya jicho moja. Kwa hiyo draivu inaweza kusoma DVD vizuri kabisa na kukataa kila CD, au kinyume chake, na Linux ikalaumiwa bure. Ukiona hivyo, jaribu diski nyingine mbili za aina ileile kabla hujagusa usanidi wowote.

CD ya sauti haina faili hata moja

Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Folda wanazoziona kwenye programu zao, zenye mafaili ya wav, zimetungwa na programu ili ziwaridhishe. Kwenye diski yenyewe kuna mtiririko tu wa namba: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16 kila sampuli, kushoto na kulia. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde. Diski imegawanywa katika sekta 75 za kila sekunde, kwa hiyo kila sekta ya sauti ina baiti 2,352. Hakuna jina la faili, hakuna folda, hakuna cha kupachika. Sony na Philips walipoiingiza sokoni mwaka 1982 hawakuwa wanafikiria kompyuta za watu. Walikuwa wanafikiria muziki.

Kuitoa sauti, mimi hutumia cdparanoia:

cdparanoia -B

Inatoa kila wimbo peke yake, na sifa yake ni kwamba husoma kwa kupishanisha, inarudi nyuma kidogo na kulinganisha, ili mkwaruzo usiache mlio wa tik katikati ya beti. Ni ya polepole kwenye diski mbovu. Iache ifanye kazi yake. Hesabu zaidi ya megabaiti kumi kwa kila dakika moja ya wav, kisha ubane kwa flac au mp3 upendavyo.

Majina ya nyimbo ni suala jingine. CD nyingi za sauti hazina majina ndani yake. Programu huyatafuta kwenye hifadhi za intaneti kwa kupima urefu wa nyimbo. Kwaya ya Ukerewe iliyorekodi nakala mia moja haimo huko. Mwalimu alivaa miwani, akasikiliza sekunde chache za mwanzo wa kila wimbo, akanitajia jina, mtunzi, na mara nyingine nani alikuwa anaimba sauti ya tatu. Nikaandika yote. Hakuna programu ambayo ingenipa hayo.

VCD, iliyoandaliwa kwa namna ya pekee

Kanda ya Ziwa tuliishi na VCD kwa miaka mingi: nyimbo za injili, ngoma, mahubiri, filamu. Ndiyo aina inayowaudhi zaidi wahamiaji wa Linux, na inastahili kuelezwa polepole.

Ukiipachika VCD, inakubali. Unaona folda, unaona MPEGAV, ndani yake AVSEQ01.DAT yenye ukubwa wa kutosha. Unafurahi. Unainakili, na papohapo terminali inakuambia Input/output error. Unajaribu diski nyingine, vilevile. Unaipeleka kwenye Windows, inanakili bila shida. Hapo mtu anakata shauri kwamba Linux ni mbovu.

Hiki ndicho kinachotokea. Sekta yoyote ya CD ina nafasi ya baiti 2,352. Kwa data, ni baiti 2,048 tu zinazobeba kazi yako. Nyingi kati ya 304 zilizobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. Ni busara, kwa sababu kwenye barua au programu baiti moja ikipotea kila kitu kinaharibika. Lakini kwenye video, baiti moja ikipotea ni doa dogo linalopita kwa sehemu ya sekunde. Kwa hiyo walioandaa VCD mwaka 1993 waliitoa sehemu kubwa ya ulinzi huo na kubebesha video baiti 2,324 kwa kila sekta. Hiyo ndiyo form2 iliyotajwa kwenye ule mstari wa keneli. Piga hesabu: diski ya dakika 80 ina sekta 360,000. Kwa data zinabeba baiti kama milioni 737; kwa video ya VCD, milioni 837. Ndiyo maana diski iliyoandikwa 700MB juu yake hubeba faili linaloonekana kuzidi kipimo chake.

Orodha ya mafaili ya diski inamwambia keneli kwamba AVSEQ01.DAT ni faili la kawaida, naye anakwenda kuomba sekta za kawaida. Draivu inakuta sekta za aina nyingine, inakataa. Windows hukwepa hilo kwa kuzisoma sekta ghafi na kuzivalisha kichwa cha RIFF, muundo wa mafaili ya sauti na video. Linux haifanyi hivyo kimyakimya. Inataka uombe video kwa jina lake.

Kuitazama, VLC inatosha: vlc vcd:///dev/sr0. Kuitoa, mimi hutumia MPlayer, nikikumbuka kwamba wimbo wa kwanza wa VCD ni ile sehemu ya data na video huanzia wa pili:

mplayer vcd://2 -cdrom-device /dev/sr0 -dumpstream -dumpfile wimbo.mpg

Kinachotoka ni MPEG-1 safi, kwetu wenye mfumo wa televisheni wa PAL ni picha ya 352 kwa 288. Usiipanue wala kuibana upya bila sababu. Ni picha ndogo tayari, na kila kuibana kunaondoa kitu kisichorudi. Kiweke hivyo kilivyo, na ukihitaji nakala ya simu, itengeneze kando. VCD kumi na nane za mwalimu zilitoka kwa amri hiyo moja, nikibadilisha namba tu.

DVD na kufuli lake

DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5. Ile iliyochomwa na mpiga video wa mtaani haina kufuli. Unaipachika, unafungua VIDEO_TS, unanakili VOB zake, basi. VOB hukatwa kila zinapofika gigabaiti moja, kwa hiyo tamasha la saa mbili huwa vipande kadhaa vinavyoungwa kwa cat vikiwa kwenye mfuatano wake, kisha ffmpeg hufanya mp4. Ongeza -vf yadif kama picha ina mistari ya meno wakati watu wanacheza.

DVD za dukani kutoka kampuni kubwa za filamu ndizo zenye kufuli la CSS. Linux haiji na ufunguo wake, kwa sababu za kisheria za nchi nyingine. Mwaka 1999 ilitokea DeCSS, programu ya kufungua kufuli hilo, na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akafikishwa mahakamani kwa ajili yake. Aliachiwa huru mwaka 2003. Leo kwenye Debian na Ubuntu ufunguo huo husakinishwa hivi:

sudo apt install libdvd-pkg
sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg

Kwenye Debian hakikisha umeruhusu ghala la contrib kwanza. Hatua ya pili husahaulika, na bila hiyo maktaba yenyewe inayofungua kufuli haijengwi. Kuna pia suala la kanda: sisi tumo katika kanda ya 5, Ulaya ni ya 2, Marekani ya 1. Draivu huruhusu kubadilisha kanda mara tano tu, kisha inaganda hapo maisha yake yote. Programu ya regionset huibadilisha, lakini hesabu iko ndani ya draivu; kusakinisha Linux upya hakuirudishi. Na kazi za watu wengine, omba ruhusa yao. Kwaya hii nyimbo ni zake.

Diski ambazo hazijafungwa zilikuwa tatu. dvd+rw-mediainfo huandika Disc status: appendable badala ya complete. Kamera au rekoda iliyozirekodi ilikuwa bado inasubiri nyongeza, kwa hiyo hakuna orodha ya mwisho ya yaliyomo. Tiba bora ni kuirudisha kwenye kifaa kilekile kilichoirekodi na kuchagua kufunga diski. Mwalimu alikumbuka rekoda ilipo, nyumbani kwa mweka hazina wa zamani, akapiga simu.

Zilizokwaruzika

Kwanza tazama upande wa juu. Watu hulinda upande unaong'aa na kuuacha ule wa maandishi, lakini kwenye CD data iko chini kidogo tu ya rangi ya juu, na plastiki yote ya milimita 1.2 iko upande wa kusomwa. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unasafishika. Kalamu yenye ncha kali juu imetoboa data yenyewe. Ishike diski kwenye mwanga: ukiona vitundu vinavyopitisha nuru, sehemu hiyo haipo tena. DVD ina nafuu, kwa kuwa data imebanwa katikati ya vipande viwili vya milimita 0.6. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kama miale ya jua, kamwe usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mduara hufunika data nyingi mfululizo kuliko marekebisho yanavyoweza kuokoa.

Baada ya hapo, usinakili faili kwa faili. Chukua picha nzima ya diski, yaani nakala yake yote ndani ya faili moja, kwa ddrescue, ambayo kwenye Debian iko katika kifurushi cha gddrescue:

ddrescue -n -b2048 /dev/sr0 tamasha.iso tamasha.map
ddrescue -d -r3 -b2048 /dev/sr0 tamasha.iso tamasha.map

Amri ya kwanza hukusanya vinavyosomeka kwa urahisi na kuruka vigumu. Ya pili hurudi kwenye vigumu. Faili la map ndilo lenye thamani: linaandika kila sekta iliyopatikana na iliyokosekana. Ukilihifadhi, unaweza kuzima mashine umeme ukikatika, ukaendelea kesho. Bora zaidi, unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine kabisa na kuendelea na map ileile. Draivu hazifanani macho. Sekta iliyokataliwa na moja husomwa na nyingine. Ninazo tatu mezani kwa sababu hiyo tu, na ile mbaya kwa sura ndiyo inayosoma vizuri zaidi. Njia hii ni ya diski za data na DVD. VCD na CD za sauti zina zana zake nilizozitaja.

Tahadhari moja ndogo: CD za data zilizochomwa nyumbani mara nyingi huwa na sekta mbili za kumalizia zisizosomeka mwishoni. Nakala itaonyesha kosa ingawa hakuna kilichopotea. Pata ukubwa halisi kwa isoinfo -d -i /dev/sr0, kwenye mstari wa Volume size, uulinganishe na ulichopata kabla hujamkatisha mtu tamaa.

Kuchoma diski mpya sitakaa nako sana. Brasero, K3b na Xfburn hufanya kazi, na kwa terminali kuna xorriso, growisofs na wodim. Punguza kasi, na usichome bila betri au UPS.

Mwalimu alilala kwa ndugu yake Igoma usiku mmoja. Kesho yake nilimkabidhi flashi mbili zenye yaliyomo sawa, moja ya kanisa na moja ya kwake, ndani yake diski thelathini na tisa. Tatu zilikuwa zinasubiri rekoda ya mweka hazina. Ya arobaini na tatu ilikuwa DVD ya tamasha ambalo marehemu mke wake aliimba peke yake beti la pili. Draivu ya kwanza iliisoma hadi karibu nusu, ya pili ikaongeza, ya tatu ikafika mbali zaidi, lakini kuna kipande katikati ambacho zote zimekataa.

"Ndilo beti lenyewe?" akaniuliza.

Nilifungua picha ya diski kwa VLC. Sauti yake ilikuwepo kuanzia mstari wa tatu. Mistari miwili ya kwanza ndiyo iliyo ndani ya kile kipande. Akaisikiliza mara mbili, akafunga kiroba, akaniachia diski ile moja. tamasha.map bado ipo kwenye mashine, na kila ninapopata draivu nyingine iliyotumika, huianzia pale ilipokwama.